Kipaza Sauti Barabarani: Simon Bikindi Mbele ya Mahakama ya Arusha

Tarehe 4 Agosti 1905, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale pale Mohoro, katika nchi ya Rufiji. Kosa lake liliitwa uhaini. Hakukamatwa akiwa na bunduki, wala hakuna aliyedai kwamba aliua mtu kwa mkono wake. Alichokuwa nacho kilikuwa kauli. Kutoka Ngarambe alikuwa ametoa habari ya maji yatakayogeuza risasi za Mzungu kuwa maji, na habari hiyo ilipita kwa mnong'ono kutoka Umatumbi hadi ng'ambo ya mto, ikawaleta mahujaji kwa mamia waliopokewa kwa ngoma na mazoezi ya kivita. Alipotiwa mbaroni katikati ya Julai, vita vya Majimaji vilikuwa havijaanza bado. Siku aliyonyongwa, pamba ilikuwa imekwisha kung'olewa mashambani Umatumbi na moto hauzimiki tena. Serikali ya kikoloni haikujisumbua kuuliza ni maneno gani hasa aliyatamka, mbele ya nani, siku gani, na baada ya hapo nani alifanya nini. Ilitosha kwamba watu walimsikiliza.

Miaka 103 baadaye, katika nchi hiyohiyo lakini mbali na delta ya Rufiji, mahakama nyingine ilikaa kumhukumu mtu aliyesikilizwa na watu. Tarehe 2 Desemba 2008, mjini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilimtia hatiani Simon Bikindi, mtunzi na mwimbaji aliyekuwa maarufu kuliko wote nchini mwake, ikampa kifungo cha miaka 15. Mahakama hii ilifanya kinyume kabisa cha ile ya Mohoro: iliuliza maneno gani, wapi, lini, mbele ya nani. Na baada ya kuuliza yote hayo ikatoa jibu lililowashangaza wengi. Nyimbo zake, zile ambazo upande wa mashtaka ulizifanya kiini cha kesi, hazikumfunga. Kilichomfunga ni sentensi chache alizozitamka kwa kipaza sauti kutoka kwenye gari, barabarani, mwishoni mwa Juni 1994. Hoja ya makala hii ni kwamba mahakama ilikuwa sahihi kuzitenga nyimbo na kosa, lakini hilo halina maana kwamba kipaji chake kilikuwa kando ya kosa. Kipaji ndicho kilichozipa zile sentensi uzito, na majaji wenyewe walisema hivyo walipopanga adhabu. Mtu akilisoma vizuri jambo hili, lile swali la siku zote kuhusu msanii mwovu linabadilika sura.

Swali la siku zote ni hili: mtu akiwa na kipaji kikubwa na akatenda jinai, tufanye nini na kazi yake? Ulaya wameligeuza karibu mchezo wa baraza. Huko Uswidi kuna kisa cha Jon Nödtveidt, kiongozi wa bendi ya Dissection kutoka Strömstad, ambaye albamu yake ya 1995, Storm of the Light's Bane, inahesabiwa na wapenzi wa muziki ule mzito kuwa miongoni mwa kazi bora za aina yake. Mwaka 1997 alishiriki kumuua mtu mwenye asili ya Algeria mjini Gothenburg. Alifungwa, akatoka 2004, akatoa albamu nyingine 2006, na mwaka huohuo akajiua. Mashabiki wanabishana hadi leo kama ni halali kuisikiliza ile albamu. Mtanzania akisikia swali hilo atamkumbuka Nguza Viking, mpiga gitaa kutoka Zaire aliyejijengea jina katika bendi za Dar es Salaam, aliyehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 pamoja na wanawe kwa makosa ya kubaka watoto. Mahakama ya Rufani mwaka 2010 iliwaachia wawili na kuthibitisha hatia ya baba na mwanawe Papii Kocha. Rais Magufuli akawasamehe hao wawili tarehe 9 Desemba 2017, na Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua kwamba haki yao ya kusikilizwa kwa usawa ilikuwa imekiukwa. Visa hivi viwili havifanani, na cha pili bado kina wenye kukibishia. Ila vina jambo moja kwa pamoja: gitaa halikuwa na kazi katika tendo lililoshtakiwa. Ondoa muziki, na shtaka linabaki lilivyo. Ndiyo maana mjadala wake hauna mwisho, kwa sababu vitu viwili vinavyopimwa vimekutana ndani ya mtu mmoja tu, havikushirikiana. Kwa Bikindi vilishirikiana.

Alizaliwa mwaka 1954 Rwerere, katika mkoa wa Gisenyi, kaskazini-magharibi ya Rwanda, upande uleule aliotoka Rais Juvénal Habyarimana na wengi wa watu wake wa karibu. Alikuwa mtumishi wa Wizara ya Vijana, na aliongoza kikundi cha ngoma na nyimbo kilichoitwa Irindiro. Wanyarwanda waliomsikia miaka ya themanini, hata wale walioponea chupuchupu baadaye, hawabishani juu ya ustadi wake. Alizijua ngoma za asili, alijua namna ya kuzichanganya na mitindo ya kisasa, na lugha yake ilikuwa ya mafumbo, methali na majina ya kale, ile lugha ambayo mzee wa kijijini huitikia kwa kichwa kabla kijana hajaelewa. Alikuwa msanii wa taifa kwa maana halisi. Mwaka 1987 Rwanda iliadhimisha miaka 25 ya uhuru, na ni kwa sherehe hizo alipotunga Twasezereye, wimbo wa kuuaga ufalme uliofutwa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Kwa masikio ya mgeni ni wimbo wa uhuru kama nyingi zilizotungwa Afrika: ukoloni umekwisha, utwana umekwisha, tushangilie. Lakini mfalme wa Rwanda alikuwa Mtutsi, na serikali ya 1987 ilikuwa imejengwa juu ya hadithi kwamba Watutsi wote walikuwa mabwana na Wahutu wote walikuwa watwana. Kwa hiyo kuuaga ufalme kungeweza kusikika, kwa anayetaka kusikia hivyo, kama kuwaaga majirani.

Baada ya Oktoba 1990, waasi wa RPF, wengi wao Watutsi waliokuwa uhamishoni, walipoingia kutoka Uganda, wenye kutaka kusikia hivyo waliongezeka. Kati ya mwaka huo na 1993 Bikindi alitunga nyimbo mbili ambazo ziliachana na sherehe. Nanga Abahutu uliwashambulia Wahutu wenyewe, wale walioonekana kuisaliti jamii yao, wenye kujipendekeza, wenye kuuza ndugu zao kwa tamaa. Bene Sebahinzi uliwaita Wahutu kwa jina la babu wa wakulima na kuwakumbusha walichokipata katika mapinduzi ya 1959, kwa sauti ya mtu anayehofia kwamba urithi unataka kuibwa. Hakuna wimbo kati ya hizo unaosema ueni. Ustadi wake ulikuwa hapo, na hapo pia ndipo ulipo ugumu wa kesi. Mashahidi wa kitaalamu wa pande mbili walizifafanua zile beti kwa siku nyingi, mmoja akiona wito wa umoja na amani, mwingine akiona orodha ya maadui. Majaji walizipima na kukubaliana na upande wa mashtaka kwa sehemu kubwa: nyimbo zile zilisifu mshikamano wa Wahutu dhidi ya adui mmoja ambaye ni Mtutsi, na Bikindi alizitunga akikusudia kueneza itikadi hiyo na kuchochea chuki ya kikabila. Huo si uamuzi mdogo. Mahakama haikumwambia kwamba nyimbo zake ni safi.

Halafu ikaja redio. RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, mwezi mmoja kabla ya mkataba wa amani uliotiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti. Ilikuwa redio ya mzaha, umbea na muziki mzuri, na muziki huo ulikuwa ni pamoja na wa Bikindi. Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Habyarimana ilitunguliwa ikitua Kigali kutoka Dar es Salaam, alikokuwa amekwenda kwenye mkutano wa viongozi wa kanda. Usiku huo mauaji yakaanza. Kwa siku mia moja hivi waliuawa watu wanaokadiriwa kufikia 800,000, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki. Tanzania iliyaona kwa macho yake: mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara ndani ya muda wa siku moja hivi, huku mto Kagera ukiteremsha maiti kuelekea Ziwa Viktoria. Katika majuma hayo RTLM iliendelea kupiga nyimbo za Bikindi katikati ya matangazo yaliyotaja majina ya watu na mahali walipojificha. Majaji walikubali hilo pia. Walisema waziwazi kwamba mwaka 1994 nyimbo hizo zilitumika katika kampeni ya kuwadharau na kuwachukia Watutsi, na kuwachochea watu wawashambulie na kuwaua.

Basi vipi nyimbo hazikumfunga? Jibu la kwanza ni la kalenda. Azimio 955 la Baraza la Usalama, lililoianzisha mahakama Novemba 1994, liliipa mamlaka juu ya makosa yaliyotendwa kati ya 1 Januari na 31 Desemba 1994, si kabla wala baada. Nyimbo zilikuwa zimetungwa kati ya 1987 na 1993. Kilichobaki ndani ya mwaka wa mahakama ni kuchezwa kwake, na aliyezicheza ni mtangazaji, si mtunzi. Upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba Bikindi alikuwa na mkono katika kuzirusha hewani mwaka 1994. Isitoshe, mauaji yalipoanza hakuwamo nchini. Alikuwa amesafiri, akarejea Juni. Jibu la pili ni la nia, na ndilo zito zaidi. Kutunga wimbo wa chuki ni jambo moja. Kutunga wimbo kwa kusudi mahususi kwamba watu wakaue kabila zima ni jingine, na majaji hawakuona ushahidi wa kutosha wa hilo la pili, hata kama nyimbo zilikuja kutumika hivyo. Kati ya mashtaka sita, yakiwamo ya kula njama, mauaji ya kimbari, mauaji na mateso kama makosa dhidi ya ubinadamu, matano yakaanguka.

La sita likasimama, na lilisimama juu ya safari ya barabarani. Mwishoni mwa Juni 1994, mahakama ilibaini, Bikindi alikuwa katika msafara wa wanamgambo wa Interahamwe kwenye barabara kuu kati ya Kivumu na Kayove, mkoani kwao Gisenyi. Gari lilikuwa na vipaza sauti. Wakati wa kwenda aliwahutubia watu waliokuwa barabarani, akiwaambia kwamba wao Wahutu ndio walio wengi na akiwahimiza wawamalize haraka wachache waliosalia. Wakati wa kurudi aliuliza kama kazi imefanyika, akiwaita Watutsi nyoka. Hapakuwa na fumbo, wala babu wa wakulima, wala mfalme wa kuagwa. Fundi wa mafumbo aliongea waziwazi siku hiyo, na ndiyo siku iliyomhukumu. Walioijua kazi yake wangeweza kusema kwamba aliyatamka maneno yake mabaya kuliko yote bila sanaa hata kidogo.

Lakini je, yalikuwa hayana sanaa? Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaosoma hukumu hiyo kama ushindi wa sanaa, kana kwamba mahakama ilisema mwimbaji hana kosa, mkosaji ni mtu mwingine aliyeshika kipaza sauti. Gari la matangazo ni chombo cha kawaida Afrika Mashariki. Kibiti na Ikwiriri linapita likitangaza mkutano wa hadhara, mnada, chanjo ya watoto, ngoma ya Jumamosi. Watu hawatoki nje kwa sababu ya gari. Wanatoka wakiitambua sauti. Katika Gisenyi ya 1994 kulikuwa na makada wengi wenye magari na vipaza sauti, na hakuna aliyekuwa na sauti inayojulikana na kila mkulima kama ile. Sauti iliyokuwa ikiwachezesha tangu 1987, iliyowapa majina ya mababu na kuwaambia wao ni nani, ndiyo iliyopita sasa ikiwaambia la kufanya. Majaji walipopanga adhabu hawakulipuuza jambo hili. Waliona kwamba Bikindi alitumia vibaya hadhi yake ya msanii maarufu, anayeonekana kuwa mtu mwenye ushawishi katika MRND, chama cha Habyarimana, na miongoni mwa Interahamwe, na wakalihesabu hilo kuwa ni jambo la kuongeza uzito wa kosa. Kwa maneno mengine, umaarufu uliotengenezwa na nyimbo uliingia mahakamani kwa mlango wa nyuma baada ya nyimbo zenyewe kutolewa kwa mlango wa mbele. Nadhani huo ndio mlango unaoufaa.

Kuna watakaosema ninaipa sauti nguvu isiyo nayo. Watu wakitaka kuua wataua, na hawahitaji mwimbaji. Hoja hii ina uzito, na Rufiji inaweza kuitolea ushahidi. Kati ya 2015 na 2017, Kibiti, Mkuranga na Rufiji zilishuhudia mauaji ya wenyeviti wa vijiji na vitongoji, viongozi wa chama na askari. Tarehe 13 Aprili 2017 peke yake waliuawa polisi wanane. Hakukuwa na wimbo. Hakukuwa na gari la matangazo. Wauaji walifanya kazi kwa kujificha, na hofu waliyoieneza ilitokana hasa na kwamba hakuna aliyewasikia wala kuwajua. Ni kweli basi kwamba damu inaweza kumwagika bila muziki. Lakini angalia tofauti ya idadi na ya mikono. Kikundi kidogo chenye silaha kinaweza kuua kimyakimya, na kadiri kinavyonyamaza ndivyo kinavyoogopwa. Mauaji ya Rwanda hayakuwa ya kikundi kidogo. Yalihitaji maelfu kwa maelfu ya watu wa kawaida waache mashamba yao, washike mapanga na kwenda kwa jirani waliyekula naye harusi. Mpango wa namna hiyo hauwezi kwenda kwa ukimya. Unahitaji watu waitwe kwa pamoja, waambiwe ni halali, waambiwe ni wajibu, na waambiwe na mtu wanayemwamini. Mauaji ya kimya hayamhitaji Bikindi, lakini mauaji yanayotaka ushiriki wa kijiji kizima yanamhitaji, au yanamhitaji mtu mfano wake.

Pingamizi la upande wa pili linatoka kwa manusura, na kulijibu ni kazi ngumu zaidi. Wanasema miaka 15 ni dhihaka. Kwamba nyimbo zilifanya madhara makubwa kuliko zile sentensi za barabarani zilizosikiwa na watu wachache wa Kayove. Kwamba ni ajabu ya sheria kumwadhibu mtu kwa tone na kumsamehe kwa mto. Upande wa mashtaka ulikata rufaa ukitaka kifungo cha maisha, utetezi ukakata rufaa ukitaka aachiwe, na tarehe 18 Machi 2010 rufaa zote mbili zikakataliwa. Sidai kwamba adhabu ilitosha. Ninachodai ni kwamba njia ya kuiongeza haikupaswa kupitia kwenye nyimbo. Kanuni ya kumfunga mtu kwa wimbo aliotunga miaka saba kabla ya mauaji, kwa sababu baadaye kituo cha redio kiliupiga, haiwezi kufungiwa ndani ya kesi moja. Ikishazaliwa itatafuta watu wengine. Twasezereye ulitungwa kuadhimisha uhuru. Kama huo ni mauaji ya kimbari, basi ni nyimbo ngapi za uhuru wa bara hili zenye adui ndani yake, na nani atakayeamua mwaka gani zimegeuka jinai? Mahakama zilizokuja baada ya vita zina kishawishi cha kutaka kuihukumu historia yote kwa mkupuo. Ile ya Arusha, katika kesi hii, ilijizuia. Ilisema yaliyo katika nyimbo ni chuki, ikayaandika hivyo katika hukumu kwa watakaokuja, kisha ikatafuta ni wapi mtu huyu alitoka kwenye chuki akaingia kwenye amri. Ikamkuta Kivumu.

Na hofu ya kanuni hiyo kutafuta watu wengine haikutoka hewani. Rwanda yenyewe imetoa mfano wa kusikitisha. Kizito Mihigo alikuwa mwimbaji wa nyimbo za dini, Mtutsi aliyenusurika mauaji ya 1994 akiwa mtoto, na kwa miaka mingi sauti yake ndiyo iliyosikika kwenye kumbukumbu za kitaifa. Mwaka 2014 alitoa wimbo ulioomba huruma kwa wote waliokufa, wakiwamo ambao vifo vyao havina nafasi katika kumbukumbu rasmi. Wimbo ukazuiwa. Akakamatwa, na mwaka 2015 akahukumiwa miaka kumi kwa njama dhidi ya serikali. Akasamehewa Septemba 2018, akakamatwa tena Februari 2020 karibu na mpaka wa Burundi, na siku chache baadaye akafa mikononi mwa polisi, ambao walisema amejiua. Mashirika ya haki za binadamu yalidai uchunguzi huru. Kwenye karatasi, Mihigo hakuhukumiwa kwa wimbo. Lakini wasomaji wa Kigali hawakukosa kuona mfuatano wa matukio. Serikali yoyote iliyoonja madhara ya wimbo wa chuki huwa na sababu nzuri ya kuogopa nyimbo, na sababu nzuri ndiyo rahisi kuliko zote kuitumia vibaya. Ndiyo maana ninaitetea ile ramani nyembamba ya Arusha: lazima iwepo kauli, iwepo hadhara, uwepo wito wa wazi wa kuua kundi la watu, na iwepo nia iliyothibitishwa. Mihigo, kwa kipimo hicho, hana kesi. Bikindi anayo.

Hapa kisa cha Kinjikitile kinapata maana yake. Wapo watakaoona ni utovu wa adabu kuwaweka wawili hawa katika makala moja, na ningekubaliana nao kama kusudi lingekuwa kuwalinganisha. Mmoja aliwaita watu wanaolimishwa pamba kwa viboko wainuke dhidi ya dola iliyowatawala. Mwingine aliwaita walio wengi, wenye dola nyuma yao, wawamalize majirani wasio na ulinzi. Lakini kwa sheria ya Mohoro wawili hao wangekuwa sawasawa: watu hatari kwa sababu watu wanawasikiliza. Mamlaka inayohukumu uwezo wa kusikilizwa haiwezi kuona tofauti kati ya nabii wa waliodhulumiwa na mshereheshaji wa wauaji. Tofauti huonekana pale tu mtu anapolazimika kuyataja maneno yenyewe na kuuliza yalitaka nini kifanyike kwa nani. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, alimpa mhusika wake wasiwasi juu ya neno lake mwenyewe, neno lililokwisha kuwa kubwa kuliko aliyelisema. Bikindi, kwa kumbukumbu za kesi, hakuonyesha wasiwasi wa aina hiyo. Alishikilia hadi mwisho kwamba alikuwa mtu wa amani na kwamba nyimbo zake zilieleweka vibaya. Majaji hawakuona jambo lolote la kumpunguzia adhabu.

Alikuwa amekamatwa Leiden, Uholanzi, Julai 2001, akaletwa Arusha Machi 2002, na kesi yake ikaanza kusikilizwa Septemba 2006. Baada ya rufaa alipelekwa Benin kutumikia kifungo, nchi iliyokubali kuwapokea wafungwa wa mahakama ile, na huko ndiko alikofia Desemba 2018. Nyimbo zimebaki. Hazichezwi Kigali, na sioni sababu ya mtu kuzitaka zichezwe kwenye sherehe popote. Ila kuzifuta ingekuwa kosa la aina nyingine, kwa sababu zikifutwa kitakachobaki ni hadithi kwamba zilikuwa nyimbo mbaya, na hazikuwa mbaya. Zilikuwa nzuri mno, na kizazi kisichojua hilo hakitaelewa kwa nini watu wenye akili timamu walizipenda. Mahakama ilifunga milango yake rasmi mwisho wa 2015, na nyaraka zake zikakabidhiwa chombo kilichorithi kazi zake, ambacho kwa upande wa Afrika kina majengo yake Lakilaki, nje kidogo ya Arusha. Huko nyimbo za Bikindi zipo miongoni mwa vielelezo, pamoja na tafsiri za beti zake na masaa ya ushahidi wa watu waliobishana juu ya maana yake, na katika jalada hilohilo yamo maelezo ya mashahidi waliokuwa barabarani kati ya Kivumu na Kayove lile gari lilipopita, na liliporudi.